Elfu Nne Zile Zile

Mbuya, Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Lamaro,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana. Moja ilianza na uongo, nyingine ilianza na hadithi ya jeshini, na wewe unajua baba yako akianza hadithi za jeshini hamalizi wiki hiyo. Nimeinuka mara sita tangu nikae hapa. Nimekagua tiketi yako ya basi, nimekaza skrubu ya mlango wa choo ambayo haikuwa imelegea, nimekwenda getini kumtazama mtu ambaye hakuwepo. Wewe uko uani unamsubiri wa kukusuka nywele, na umeniuliza dirishani, "Baba, unaandika nini huko?" nikajibu naandika orodha ya vitu vyako. Nisamehe. Nilikuwa nakuandikia wewe.

Mambo ya sweta na baridi ya Eldoret siyagusi. Dada za mama yako watakupokea huko, na hao watakusemesha mpaka masikio yaume. Wewe ni fundi wa maabara, hospitali imekuajiri kwa akili zako, huhitaji mzee wa magoti mabovu akufundishe kunawa mikono. Nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani tangu jana.

Jana, mbele ya wageni waliokuja kukuaga, ulisimama na chupa yako ya soda ukasema: "Mama alininunulia hisa elfu nne nikiwa sijaota meno. Alipofariki nilikuwa na miaka saba. Baba angeweza kuzila, nani angemuuliza? Lakini mpaka leo ziko elfu nne zile zile. Hajagusa hata moja." Watu wakapiga makofi. Jirani yetu akanipiga begani, "Afande, wewe uko mtu ya maana." Nilicheka, nikavua kofia, nikaivaa tena. Halafu wageni walipotoka ulinijia na ile fomu, umekwisha kuitia sahihi. Kampuni imetangaza tena hisa za bonasi, mpya moja kwa kila moja uliyo nayo, na wewe unataka hizo mpya ziuzwe ili nibadilishe mabati ya nyumba. Ukasema, "Hizo ni za bure tu, Baba. Za Mama zitabaki pale pale."

Lamaro, maneno hayo ni yangu. "Za bure." "Zitabaki pale pale." Mimi ndiye niliyekufundisha kuyasema, na kwa maneno hayo hayo nilikuibia.

Nimeliandika. Nimeinuka tena, nimekunywa maji, nimerudi. Ngoja niendelee kabla moyo haujapoa.

Unajua mama yako alikuwa akiuza vitenge soko la Nakawa, meza yake ikipakana na ya Mama Zaituni. Yeye Mkenya, mimi Mwacholi wa Uganda, wa kambi ya jeshi. Tulikutana kwa Kiswahili, na changu wakati ule kilikuwa cha amri tu: simama, geuka, leta. Yeye ndiye aliyekinyoosha, kwa kunicheka kila siku mpaka nikaona aibu. Kampuni moja ya saruji ilipouza hisa zake kwa wananchi, wanawake wale wawili walifunga meza mapema, wakapanda Nakasero kwa wakala wa hisa, wakanunua elfu nne kila mmoja. Mama Zaituni aliandika jina lake. Mama yako, Nafula wangu, aliandika jina lako, na sisi wawili tukawa wasimamizi mpaka ukue. Nilimkejeli. Nilimwambia hakuna aliyewahi kuezeka nyumba kwa karatasi. Alinijibu, "Wewe endelea na blanketi zako za stoo."

Alipolazwa, siku za mwisho, hakusema mengi. Alinishika kidole hiki cha shahada, akasema, "Hisa za mtoto usiziguse. Nikitoka nizikute elfu nne." Nikasema ndiyo. Hakutoka.

Sasa nataka uelewe nilikuwa nani wakati ule, maana kosa langu lilitoka kazini kwangu. Nilikuwa mtunza stoo jeshini. Ulimwengu wa mtunza stoo ni daftari na rafu. Daftari likisema blanketi arobaini, na mkaguzi akihesabu rafuni akakuta arobaini, wewe ni mtu safi, unapigiwa saluti, unakwenda kunywa chai. Akikuta thelathini na tisa, umekwisha. Lakini ikitokea lori limeshusha arobaini na tano? Zile tano zilikuwa bahati ya mtunza stoo. Hakuna aliyezitafuta, kwa sababu hazikuwa daftarini. Sote tulifanya hivyo, na hakuna aliyejiita mwizi. Nilikaa ndani ya hesabu ile miaka kumi na minane, mpaka nikadhani dunia nzima inahesabiwa hivyo.

Miaka miwili baada ya mama yako kuondoka, barua ikaja. Kampuni inatoa hisa za bonasi, mpya moja kwa kila moja. Elfu nne zako zimekuwa elfu nane. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama mlangoni mwa stoo, na kichwani nikaona lori limeshusha ziada. Nikachukua bei iliyokuwa gazetini wiki ile, nikaizidisha, nikapata pesa ambazo sijawahi kuzishika. Ahadi yangu kwa mama yako ilikuwa elfu nne. Daftari linasema elfu nne. Basi nyingine ni za nani?

Nilikwenda Nakasero nimevaa magwanda. Ningeweza kuvaa shati, nilikuwa na mapumziko siku hiyo. Nilivaa magwanda kwa sababu nilitaka nisiulizwe maswali. Wakala alikuwa mama mmoja wa Kikenya, Bi Wanjiru, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alisoma karatasi zangu, akaziweka chini taratibu.

"Afande, hizi si za bure," akasema. "Kampuni ilipata faida. Badala ya kuwapa gawio la pesa mkononi, wameiacha ile pesa ndani ya biashara na kuwaandikia hisa mpya. Kampuni ni ile ile. Imegawanywa tu vipande vingi zaidi."

"Madam, mimi sitaki lekcha. Elfu nne ikae. Ile ingine toa."

"Na bei umeiona ya leo? Imeshuka nusu."

Hapo nilipiga meza. Nilipiga kwa kiganja, kalamu zikaruka. Nikasema, "Mumeiba! Juzi bei ilikuwa juu, leo munasema nusu?" Mtu aliyekuwa akipiga chapa aliacha. Na yule mama, Lamaro, aliogopa, niliona, lakini hakuinua sauti wala hakunifukuza. Aliniuliza tu, "Afande, unafanya idara gani?"

"Stoo."

"Sabuni ya mche mnapokea?"

"Tunapokea."

"Mche mmoja ukiukata vipande vinne, au ukiukata vinane, sabuni imeongezeka?"

"Hapana."

"Basi ndiyo hii. Mtoto alikuwa na vipande vinne, sasa ana vinane, vidogo, ndiyo maana kila kimoja bei yake ni nusu. Hakuna aliyemwibia na hakuna aliyempa. Lakini ukiuza vinne leo, atabaki na vinne, hesabu yako itakaa vizuri sana kwenye daftari, na mtoto atakuwa na nusu ya sabuni."

Ni maneno mepesi. Mtu aliyekata miche ya sabuni kwa kisu cha stoo miaka yote ile angeyaelewa akiwa usingizini. Na nataka nikuambie ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: niliyaelewa. Palepale, nimesimama, niliyaelewa. Halafu nikaamua kutoyaelewa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuagiza makochi.

Nikamwambia, "Andika." Akaandika. Nilitia sahihi kama msimamizi wa mtoto. Nilipoteremka ngazi nilijisikia mwanamume.

Makochi ni haya. Yale ya mafundi wa Nakawa, ya kitambaa chekundu, uliyokuwa umeyaegemea jana ukinisifu. Siku yalipoletwa ulikuwa na miaka tisa, uliruka juu yake mpaka ukatokwa jasho, na mimi nikakuambia Mama amekununulia. Sijui nilipata wapi ulimi wa kusema hivyo.

Nimetoka kidogo nje, nimezunguka nyumba, nimerudi. Mama Zaituni amefika. Ndiye atakayekusuka, kumbe ulimwita wewe. Nilimwamkia akaniitikia vizuri, akauliza habari ya goti. Nimerudi ndani haraka kuliko ilivyo adabu. Utajua sasa hivi kwa nini, lakini ujue pia kwamba karatasi hii ilikuwa imekwisha kufika kwenye makochi kabla yeye hajafungua geti. Sitaki useme nimeandika kwa kuogopa mdomo wake.

Bonasi ya pili ilikuja ukiwa sekondari. Safari hiyo sikuvaa magwanda na sikupiga meza. Bi Wanjiru hakunipa mfano wowote. Alinitazama tu, akanisogezea fomu. Niliuza tena elfu nne "za ziada", nikanunua pikipiki, nikampa kijana aendeshe boda boda. Kijana alikuwa mwaminifu, lakini injini haikuwa. Baada ya mwaka ilikuwa chuma cha kufungia kamba ya nguo. Ningependa kukuambia pesa ile ilikulipia shule. Watu wengi wangeniamini, hata wewe. Shule niliilipa kwa mshahara, hilo nililifanya sawasawa. Hisa zako nilizila.

Na kila mwaka siku yako ya kuzaliwa nilikutolea taarifa ya akaunti. Unakumbuka? Ulikuwa unakaa wima kama mkaguzi, unasoma kwa sauti, "Hisa elfu nne," nami nakupigia saluti, nawe unacheka. Sikukudanganya kwa tarakimu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ukweli wa ukurasa ule ulikuwa umekamilika na ndani yake hamkuwa na mali yako.

Mwaka jana ulikuwa kwenye mitihani, ukanituma nikuwakilishe kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, pale hotelini Nakasero. Nilikwenda kama wanavyokwenda wazee wengi, kwa chakula na ile fulana ya kampuni. Mama Zaituni alikuwepo, akanishikia kiti. Sahani ya pilau ilikuwa magotini mwangu aliponigeukia na uso wa furaha kabisa.

"Gwe, Baba Lamaro! Hii vitu inazaa peke yake, banange! Mimi nilianza na elfu nne na Nafula, siku moja. Sijaongeza hata shilingi. Saa hii iko elfu kumi na sita! Na ya mtoto?"

Nikasema, "Kama yako tu."

"Alhamdulillahi," akasema, "Nafula analala vizuri."

Niliiweka sahani chini ya kiti. Kule mbele mwenyekiti alikuwa akisoma gawio la mwaka, kiasi fulani kwa kila hisa, na kila mtu akipiga hesabu yake kwenye kiganja. Nilijua mwanamke aliyekaa karibu nami atalipwa mara nne ya utakacholipwa wewe, na walinunua siku moja, kwa pesa sawa, kutoka meza mbili zilizopakana. Wewe ulistahili kipande kile kile. Ulikuwa na robo.

Tangu siku ile nimekaa nalo mwaka mzima, nikijiambia nitakuambia ukimaliza mitihani, kisha ukipata kazi, kisha ukishaaga wageni. Wewe umeona nimekuwa mtu wa kuinuka inuka, ukasema ni goti.

Sasa sikiliza kuhusu fomu yako. Iko hapa mbele yangu. Nimepiga mstari wa kalamu nyekundu juu yake, kutoka kona hadi kona, na nakurudishia. Ukiuza hizo "za bure" Jumatatu, hisa zako zitabaki elfu nne, utafurahi, na kipande chako cha kampuni ile kitakuwa nusu ya robo ya kile alichokununulia mama yako. Mabati yangu yanavuja sehemu mbili tu, na ndoo ninazo.

Sisemi hisa ni kitu kitakatifu. Siku ukihitaji pesa, uza, hata zote, ni mali yako na hakuna atakayekulaumu. Ila ujue unachokiuza. Barua ya bonasi ikija usishangilie kama mimi, na bei ikishuka asubuhi inayofuata usiende kumpigia mtu meza. Kaa chini ujiulize kampuni ilikuwa na vipande vingapi, sasa ina vingapi, na vyako ni vingapi kati ya hivyo. Uliza pia kwa nini wametoa karatasi badala ya pesa. Pengine wanajenga kiwanda kingine na ile faida iliyobaki ndani itakuja kukulipa zaidi; pengine hawana pesa na wanataka mfurahi tu. Hayo hayaandikwi kwenye barua ya pongezi, yako kwenye kile kitabu kinene cha mwaka ambacho mimi nilikuwa naegemezea mlango. Wewe una macho ya darubini. Kisome.

Nimeona jambo jingine kuhusu mimi, nalisema haraka kwa sababu linanichoma. Kuvunja ahadi kungenipa hofu, na hofu ingenizuia. Nilichofanya mimi ni kuishika ahadi ya mama yako kwa neno lake, elfu nne, nikaila yote iliyokuwa ndani ya neno hilo, na nikalala usingizi. Utakutana na watu wa namna hii kazini. Mara nyingine utajikuta unakaribia kuwa mmoja wao, sampuli imehesabiwa vizuri, fomu imejazwa vizuri, na wewe unajua kuna kilichokosekana. Sina ushauri hapo. Nakuambia tu kwamba baba yako alijua.

Siwezi kuzirudisha zile elfu kumi na mbili unazopungukiwa kwa Mama Zaituni. Pensheni yangu unaijua, hata nikila mara moja kwa siku sitazifikia. Sitaki kukuahidi kitu kingine kwa tarakimu.

Ngoja. Wanazungumza uani.

Naandika nilichosikia, kama kilivyo. Mama Zaituni amekuuliza, "Na ile shea ya mama yako, mwanangu, umebeba karatasi yake? Iko ngapi saa hii?"

Na wewe ukajibu kwa sauti ya kujivuna, "Elfu nne, Mama. Baba hajagusa hata moja."

Nilisimama hapa na kalamu, nikasikia kitana kimeacha kufanya kazi. Wewe, Lamaro, nadhani hukugundua, ulikuwa umeinama. Yule mwanamke anajua hesabu zake, na anakumbuka nilichomjibu na pilau magotini. Nilingoja aseme. Nilitamani aseme, Mungu anisamehe, ili mimi nisiseme.

Akasema, "Kale, haya. Inamisha kichwa kidogo, nimalize hapa nyuma."

Amenisitiri. Si kwa ajili yangu, nadhani ni kwa ajili yako, ili uondoke na baba. Na sasa ninaweza kuichana na hii ya tatu. Kesho saa moja asubuhi basi litaondoka, utanipungia mkono dirishani, na nitabaki mtu wa maana Mbuya nzima mpaka nizikwe.

Nilikuwa nimepanga kuiweka chini ya nguo kwenye begi lako. Nimeona huo nao ni ujanja wa stoo. Ungeifungua umekwisha kuvuka mpaka, na hasira zako zingekuwa na viti vya basi tu vya kuzisikiliza. Kwa hiyo naileta uani sasa hivi, nywele ziwe zimeisha au nusu. Utaisoma mbele yangu, na Mama Zaituni akiwepo, maana yeye nilimdanganya pia na leo amebeba mzigo wangu bila kuombwa. Usiniletee kiti. Ukimaliza kusoma, sema lolote litakalokuja mdomoni, kwa sauti yoyote, na kama hutaki nikusindikize kesho, niambie hivyo hivyo.

Mimi ni baba yako, na nimekuja.